Fungu la Mwisho

Mume wangu anafundisha watu kuendesha gari. Kutwa amekaa kando ya mwanafunzi, mguu wake juu ya breki ya pili ambayo gari la mafunzo limewekewa, na maneno yake ni yale yale: polepole, tazama kioo, shika breki. Ana subira ya ajabu na watu wanaotaka kumbamiza ukutani. Ila mtie sokoni na hela ya chakula mfukoni, breki hana, si ya kwanza wala ya pili.

Mimi ni mtunza stoo wa jiko la hospitali. Mchele, maharage, mafuta, chumvi, vyote hupita mikononi mwangu kabla ya kuingia kwenye sufuria. Nikisema gunia hili litafika Ijumaa, litafika Ijumaa. Daktari mkuu mwenyewe akitaka sukari ya ziada huja kuniomba kwa adabu. Halafu narudi nyumbani, kwenye watu watatu tu, mmoja wao mtoto wa miaka sita, na kabla mwezi haujafika katikati hela ya chakula imekwisha na jikoni kumejaa mabilinganya. Kukosa chakula kwa sababu huna hela nakujua, nimekulia humo. Kukosa hela huku mabilinganya yanaoza miguuni pako ni jambo jingine kabisa, na linanikasirisha mpaka masikio yanapata moto.

Na wala si mlevi. Hana nyumba ndogo, hachezi kamari. Ningempata mwanamume wa namna hiyo ningejua la kufanya. Dada zangu wangekuja, tungeyasema yote, yangekwisha. Wangu ananunua mboga. Utamshtaki kwa nani? Kila niliyemlalamikia aliniambia nishukuru Mungu.

Ugonjwa wake ni huu: hawezi kupita mbele ya fungu la mwisho. Soko liko njiani kwake anapotoka kazini, kwangu mimi ni upande wa pili wa mji, ndiyo maana hela ya mboga huwa nampa yeye. Sasa basi, jua linazama, muuzaji amebakiwa na nyanya tano juu ya gunia, mume wangu atazinunua hata kama nyanya tunazo. Hapunguzi bei. Akiinua macho ataona fungu la mwisho la mchicha, mbele yake la vitunguu, mbele yake la viazi, hivyo hivyo mpaka lango la kutokea. Anafika nyumbani amesheheni mifuko kila upande, ananitazama kama mtu aliyeokota mtoto wa paka.

Sababu aliniambia kabla hatujaoana, na ni moja ya mambo yaliyonifanya nimpende. Mama yake alikuwa muuza mboga, mjane mwenye watoto watatu. Jioni nyingine alirudi mapema, jioni nyingine hakurudi mpaka giza limeingia, na mume wangu, ambaye ndiye mkubwa, alikaa kizingitini akitazama njia huku wadogo zake wakilia njaa ndani. Kwa akili yake ya kitoto akajiambia kwamba mama anachelewa kwa sababu amebakiwa na fungu moja ambalo halijanunuliwa. Akaapa kwamba akiwa mkubwa atalinunua yeye. Ukisikia habari hiyo ukiwa mchumba, unalia. Ukiisikia mwaka wa nane wa ndoa, umeshika bilinganya lililooza, unalia pia, lakini si kwa huruma.

Nilikuwa nimeshajizoesha kuvumilia, kisha mwaka huu jambo likawa zito. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ndiye aliyekuwa anaishi na mama yao. Mumewe akahamishwa kikazi, mbali, wamepewa chumba kimoja. Mama macho yake yameingia ukungu, haoni vizuri. Kwa hiyo ama aje kwetu, ama arudi kwenye kile chumba chake cha zamani, peke yake, na jiko ambalo moto wake hauoni.

Wifi alinipigia simu mimi. "Wifi, nakuuliza wewe, simuulizi kaka," akasema. "Kaka ataitikia kila kitu, unamjua. Nataka jibu la mwenye jiko. Mama akija, chakula kitatosha?"

Ningekuwa kazini ningejibu kabla hajamaliza kuuliza. Nikamwomba anipe mwezi mmoja.

Jioni ile nilimketisha mume wangu. "Baba Chiriku," nikamwambia, maana mtoto wetu tunamwita Chiriku kwa maneno yake mengi, "mama yako namtaka hapa. Lakini dawa ya macho inanunuliwa kila mwezi, na mama atakula kila siku, si siku za mwanzo wa mwezi tu. Tukifika mwisho wa mwezi huu bila kukopa dukani, namwambia wifi amlete. Tukishindwa, namwambia ukweli."

"Hatutashindwa," akasema.

"Usiniahidi haraka."

"Mama Chiriku, ni mama yangu. Nitafunga macho nikipita."

Akaweza wiki ya kwanza, nikaanza hata kumwonea fahari. Wiki ya pili hela ya mboga ikakatika katikati ya wiki, na nyuma ya pipa la maji nikakuta mfuko wa vitunguu umefichwa. Mtu mzima anaficha vitunguu! Siku iliyofuata nilimwomba mwenzangu anishikie stoo, nikaenda sokoni, nikasimama nyuma ya banda la mkaa kumngoja.

Alikuja kiza kinaanza kuingia. Hajafika hata langoni nikasikia mtu anapiga kelele, "Bwana Mwisho huyo!" na soko zima likaamka. Aliyekuwa amelaza kichwa juu ya meza alikaa. Muuza nyanya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchangamka, alifagia nyanya zake kwa mkono zikaingia chini ya meza, akaacha tano tu juu ya gunia, akaegemeza shavu kwenye kiganja kama aliyefiwa. Mume wangu akanunua. Alipogeuka kwenda kwa muuza mchicha, mkono wa yule mama ulishuka chini ya meza, ukarudi na nyanya nyingine tano.

Nikatoka nyuma ya mkaa. Mume wangu alikuwa ameshapotelea ndani.

"Dada yangu," nikamwambia muuza nyanya, "huyo unayemwibia ni mume wangu."

Hakushtuka hata kidogo. "Karibu, shemeji! Kumbe ndiye wewe. Mimi simwibii, jamani. Yeye anapenda kununua la mwisho, nami nampa la mwisho. Akitaka la kwanza nitampa pia."

"Chini ya meza una mangapi ya mwisho?"

"Inategemea siku," akasema, akacheka, na Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka naye. Kisha akaniambia kwa upole, "Tunampenda sana. Wengine wakija saa hizi wanataka nusu bei. Yeye hajawahi kutupunguza hata senti moja."

Nyumbani tuligombana. Nilimwambia alivyochezewa, nikamwonyesha jinsi mkono ulivyoshuka chini ya meza. Nilidhani ataona haya. Akaniuliza tu, "Kwa hiyo walikuwa na nyingi zaidi zilizobaki?" na nikaona kwamba kitu pekee alichosikia ni kuwa wale watu wana shida kubwa kuliko alivyofikiri. Nilitoka nje nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Katikati ya hayo wifi akapiga tena. Tarehe yao ya kuhama imewahishwa, je, mama anaweza kukaa kwetu japo kwa muda, mpaka nitakapompa jibu? Utamwambiaje mtu hapana kwa neno kama japo? Mama akaja na begi moja na kigoda chake cha kukalia, kile kile alichokalia sokoni miaka yote. Nikamtandikia chumba cha Chiriku. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa maneno machache na masikio makubwa. Macho yalipofifia, masikio yakachukua kazi. Ukuta wetu ni mwembamba, na mimi nikihesabu huhesabu kwa sauti.

Mume wangu alijikaza siku za mwanzo. Kisha ikaja jioni aliyochelewa kupita kiasi, na alipoingia nikasikia mlio wa mifuko anavyojaribu kuishusha taratibu jikoni. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuanzia ugomvi. Mama akanitangulia.

"Mwanangu, hebu njoo. Lete hivyo ulivyobeba."

Akaileta mifuko yote mbele ya kigoda. Mama akaingiza mkono, akatoa nyanya, akaiviringisha kiganjani. Akatoa nyingine. Akapapasa mchicha, viazi, bilinganya.

"Haya yote ya nani?"

"Yetu, Mama."

"Watu wanne?"

Basi akamweleza. Nadhani kwa miaka yote alikuwa akingoja siku ya kumweleza yeye. Alichuchumaa mbele yake, akamwambia jinsi alivyokuwa akikaa kizingitini, na alivyokuwa akiliombea lile fungu la mwisho lipate mtu, na kwamba sasa mtu huyo ni yeye, wale akina mama wa sokoni wanamjua hata wamempa jina. Alisema kwa furaha ya mtoto aliyeleta cheti cha shule.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nyanya bado ilikuwa mkononi mwake.

"Nani alikwambia nilikuwa nachelewa kwa ajili ya fungu la mwisho?"

"Hakuna, Mama. Nilijua tu."

"Fungu la mwisho lilikuwa lenu," Mama akasema.

Akaendelea kwa sauti ile ile ndogo. "Nilikuwa nalitenga tangu asubuhi. Nyanya nzuri, si hizi. Naziweka pembeni, nasema hizi za wanangu. Siku zikibaki, nakunja gunia jua bado liko juu, nakuja kuwapikia. Sasa siku nyingine anatokea mtu ametoka kazini, mtu mwema, ananiona na fungu moja, ananiambia mama, nipe hilo nikuondolee, ukapumzike. Hela iko mkononi. Na mteja ukimnyima leo, kesho anapita kwa mwenzako. Basi nampa. Akishaondoka naanza kuzunguka soko zima kutafuta cha kuwapelekea kwa ile nusu bei aliyonipa, na wenzangu wameshafunga. Siku hizo ndizo nilizochelewa."

Mume wangu alikaa sakafuni, pale pale katikati ya mifuko. Uso wake ulimshuka nikaona jinsi atakavyokuwa akizeeka.

Miaka minane nilikuwa nikimtafuta mtu wa kumshinda huyu bwana kwa hoja. Sasa amepatikana, tena mama yake mzazi, na mimi badala ya kushangilia nikajisikia nasema, "Mama, huyu anawalipa bei kamili. Wale nao wana nyanya tele chini ya meza, hakuna anayelala njaa kwa ajili yake. Usimwonee."

Mama akageuza uso upande niliko. Alitabasamu. "Simwonei, mkwe wangu. Hata wale wa wakati ule hawakuwa na ubaya. Niliwaambia ahsante na nilimaanisha. Neno langu ni jingine." Akanyoosha mkono hewani mpaka ukagusa kichwa cha Chiriku, aliyekuwa ameegemea mlango. "Mjukuu wangu huyu, kila jioni anakinyanyua kigoda changu anakipeleka mlangoni. Nikimwita aje ndani hataki. Nikamuuliza, unangoja nini hapo? Akaniambia anamngoja baba."

"Nahesabu magari," Chiriku akasema. "Mpaka lije la Baba, lenye herufi ya L. Leo yalikuwa mengi, nikasahau hesabu."

Mimi nilikuwa nikimkuta pale kizingitini kila siku nikitoka kazini. Nilikuwa nikimruka kwa mguu mmoja kuwahi jikoni, na nilidhani anacheza. Baba yake alimvuta akamkumbatia, na alikuwa analia waziwazi, bila kujificha.

Mama akaweka nyanya chini. "Mwambieni binti yangu nitarudi kwenye chumba changu. Hesabu zenu nimezisikia. Mimi na kidogo tunajuana."

Mume wangu akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Hakuniomba. Mapatano tuliyafanya wote wawili, na yeye ndiye aliyeyavunja. Kwa maneno yangu mwenyewe ilinipasa kuchukua simu. Nikatazama ile mifuko. Nikafikiri juu ya lile jiko ambalo moto wake hauoni. Na hofu yangu, nitaisema wazi, haikuwa chakula. Hela ile ingeweza kulisha watu sita ingekuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na hofu ya kuwa peke yangu na breki, maisha yote, huku wenzangu wakikanyaga mafuta.

"Mama," nikasema, "hospitalini kwetu mgonjwa akiletwa chakula kimeshagawiwa, hatumwambii arudi kesho. Tunarudisha sahani zote mezani, tunagawa upya."

"Kwa hiyo mimi ndiye mgonjwa?"

"Wewe ni mama. Mgonjwa ni huyo aliyekaa chini."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu, na mume wangu naye akacheka huku kamasi zinamtoka. Tukagawa upya. Soko likawa langu mimi na Mama. Jumamosi asubuhi ninamshika mkono tunakwenda, mimi nina hela, yeye ana vidole, na hakuna muuzaji anayeweza kumpa kitu kilicholala. Mume wangu akaambiwa apite barabara ya juu, moja kwa moja mpaka nyumbani. Ile hela iliyokuwa ikiishia kwenye mabilinganya ikanunua dawa ya macho, na ikabaki kidogo, nikanunua samaki. Wifi nilimpigia mwenyewe. Nilimwambia, "Kitatosha," nikakata simu kabla sijaanza kulia.

Juzi vitunguu viliniishia katikati ya wiki, nikapitia sokoni nikitoka kazini. Jua lilikuwa bado lipo, rangi ya chungwa juu ya mabati. Nikakuta meza tupu, magunia yamekunjwa, mfagiaji anakusanya maganda. Muuza nyanya alikuwa anafunga kikapu chake.

"Shemeji, umechelewa," akaniambia. "Tumefunga."

"Saa hizi? Si mlikuwa mnakaa mpaka giza?"

"Zamani hizo. Tulikuwa tunamngoja Bwana Mwisho." Akaweka kikapu kichwani. "Alikuwa anachelewa na wanafunzi wake, nasi tukaona si vizuri akute soko tupu, yule mtu angeumia. Wengine biashara yao ilikwisha mapema, lakini wanabaki na fungu moja kwa ajili yake. Sasa haji, tumngoje nani? Tunakwenda kwa watoto. Msalimie sana, mwambie hatujamsahau."

Akaondoka anatembea haraka, kama mtu anayejua kuna anayemsubiri. Mimi nilibaki pale nimesimama, bila vitunguu, nikicheka peke yangu, mfagiaji akaanza kunitazama vibaya.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amekaa kizingitini na Chiriku, wanahesabu magari. Mama alikuwa ndani ya mlango, anachambua maharage kwa vidole.

"Umepita sokoni?" mume wangu akauliza. Huuliza hivyo kila nikienda, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. "Umewaona?"

"Nimewaona. Muuza nyanya anakusalimu sana."

"Amebakiwa na nyingi?"

"Hana hata moja. Wamefunga. Jua bado lipo, wanakwenda nyumbani."

Akageuka kunitazama. "Wote?"

"Wote. Soko tupu."

Alivuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka, na nikaona kuwa muda wote huu, akipita barabara ya juu kama alivyoagizwa, alikuwa amewabeba wale watu mgongoni. "Afadhali," akasema. "Afadhali kabisa. Sasa ni nani anayewanunulia?"

Mimi ulimi wangu nao hauna breki, kila anijuaye atakwambia. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, kwamba walikuwa wakichelewa kwa kumngoja yeye, tamu, na lilikuwa la kweli. Nyuma yake, mlangoni, vidole vya Mama vilisimama juu ya maharage. Alikuwa ananisikiliza.

"Kuna mtu," nikasema. "Wanasema ni mtu mmoja tu, mwema."

"Mungu ambariki," akasema mume wangu, akasogea na mtoto kunipa nafasi ya kukaa.